Jalada la Kitabu cha Mapishi

Mwanzo wa yote ni sukari.

Nilipokuwa darasa la tano kule Nakuru, sukari haikuuzwa kwenye pakiti zenye picha ya miwa. Mwenye duka aliichota kwa kibati, akaipima, akaimimina kwenye karatasi aliyoikunja kama pembe. Karatasi zenyewe zilikuwa kurasa za majarida ya Kiingereza yaliyoachwa na masetla walipofungasha virago, na yeye aliyanunua marundo kwa marundo. Siku moja nikamimina sukari koponi, nikaikunjua karatasi nizilambe chembe zilizobaki, na mle ndani nikamkuta mwanamke amelala chini ya ngazi, kiatu mguu mmoja, mwingine mtupu. Nikaketi papo hapo sakafuni nikasoma kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Inspekta amepanda ngazi. Inspekta amesikia maji yakitiririka bafuni. Inspekta ameshika kitasa cha mlango, akausukuma, na...

Basi. Karatasi imeisha.

Nilirudi dukani mbio, miguu peku, nikamwambia mwenye duka anipe karatasi inayofuata. Alicheka mpaka akajishika kiuno. Akasema inayofuata ameshamfungia mtu chumvi, na mtu mwenyewe amepanda basi la Naivasha. Haki ya Mungu, nilimchukia yule mzee! Leo nina mvi na bado nikimkumbuka kifua kinapanda moto.

Nayasema haya si kujitetea. Ninajua yanasikika kama kujitetea.

Miaka ikapita, nikaja Birmingham kutunza wazee. Makao ninayofanya kazi yako Harborne, karibu na ile hospitali kubwa, na kwenye barabara ya maduka pale kuna duka la mitumba ambalo faida yake inakwenda kwa wagonjwa. Nilikuwa nimetoka zamu nikaingia kutafuta sweta. Nikaona boksi chini ya meza, na ndani yake mwanamke mwenye midomo myekundu anapiga kelele. Juu ya kichwa chake herufi za manjano zilikuwa zinaapa kwamba kila neno humo ni la kweli. Lilikuwa jarida la visa vya mauaji la miaka ile ya baada ya vita kuu, karatasi nzito yenye kukwaruza, harufu ya kabati la bibi. Nikalitambua mara moja. Lilikuwa ndugu wa karatasi yangu ya sukari.

Nililisoma lote siku hiyo hiyo, na kwa mara ya kwanza maishani inspekta alisukuma mlango nikaona kilichokuwa ndani. Wacha wee! Raha niliyoisikia siwezi kuieleza mbele za watu. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuyakusanya.

Sasa, mimi ni mtu wa kanisa. Ninaongoza maombi ya akina mama. Kwa hiyo majarida yangu yalikaa ndani ya sanduku la safari juu ya kabati, na sanduku lilikuwa na kufuli. Siku moja akina mama walikuja kwangu kwa ushirika, mmoja akaliona akauliza sanduku kubwa hivyo la nini. "La kwenda nyumbani," nikasema. Wakasimama, wakanyoosha mikono, wakaliombea sanduku safari njema. Nami nikaitikia amina na maiti zangu zote mle ndani.

Lakini aibu yenyewe haikuwa ya kanisani tu. Mchana namwosha bibi wa watu anayekaribia kukata roho, namshika mkono, namwimbia mpaka alale. Jumamosi nakaa na chai ya maziwa na mandazi nikisoma jinsi bibi mwingine alivyonyongwa kwa soksi ya nailoni. Na sikuwa nikimsikitikia. Nilikuwa nikifurahia. Ungeniuliza majina ya waliouawa nisingekumbuka hata moja, ila wauaji na mainspekta niliwajua kama wachezaji wa timu.

Aliyenipatia mengi zaidi alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, mwenye duka la masanduku ya safari kule Small Heath, Coventry Road. Nyuma ya duka aliweka makaratasi ya zamani aliyoyatoa kwenye nyumba za watu waliokufa. Tukikutana tunaongea Kiswahili, yeye kile cha dukani, mimi hiki changu. Nikiingia tu anapaza sauti, "Mama ya maiti amefika! Leo iko mbili, mama, moja ya sumu, moja ya shoka." Nami namwambia, "Mzee, punguza sauti, kuna watu wa kanisa letu wanapita hapa."

Alijua sharti langu. Mimi sichukui kisa kilichokatika. Jarida likikosa ukurasa mmoja, hata kama ni wa tangazo la tumbaku, sililipii. Niliumizwa mara moja, yatosha. Yaliyochanika alikuwa akinipa bure, kama muuza nyama anavyokutilia mfupa juu, kwa sababu nilimwambia nina kazi nayo.

Kazi yenyewe ilikuwa kufunika vitabu, na hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Mtu aliyesoma kwetu haelezwi. Shule zikikaribia kufunguliwa, mama anatafuta karatasi: magazeti, kalenda ya mwaka uliokwisha, mfuko wa saruji ukikosa kabisa. Kila daftari na kila kitabu kinavikwa jalada, pembe zinakunjwa, hakuna gundi, mkunjo wenyewe ndio unaoshika. Ukienda mbele ya mwalimu na kitabu kitupu ni kama umekwenda na sare iliyochanika matakoni. Mama yangu alikuwa mwalimu, kwa hiyo kwetu jambo hili lilikuwa karibu na ubatizo. Nami nimekuja nalo Ulaya. Biblia yangu ina jalada, vitabu vya nyimbo vya ushirika nimevivika vyote, hata rimoti ya televisheni imo ndani ya plastiki yake. Binti yangu, aliyeletwa hapa akiwa na miaka minane na sasa yuko chuo kikuu, nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza kwamba kitabu hakisikii baridi.

Nitoke hapo nije kwa jirani yangu.

Tunaishi Stechford, nyumba zetu zimeshikana ukuta mmoja. Yeye ni Mwingereza, mjane, anakaribia miaka themanini, mzaliwa wa mji huu huu. Siku za mwanzo aliniambia nimwite kwa jina lake. Nilijaribu nikashindwa, mdomo wangu haukulelewa hivyo. Nikamwita Mama, naye akaniita "bab", neno ambalo watu wa hapa humwita yeyote aliyewaingia moyoni. Nilipokuwa nimehamia peke yangu, alisikia kwamba nina mtoto nimemwacha Nakuru kwa bibi yake. Alikiweka kikombe chini kwa nguvu.

"Utamleta lini?"

"Karatasi za serikali zikikamilika, Mama."

"Anajua kwamba utamleta? Umemwambia kwa mdomo wako?"

Nilikasirika kidogo, nikamuuliza kwani mimi ni mtu wa kutupa mtoto? Ndipo akanieleza. Yeye mama yake alimwacha akiwa na miaka minne. Baba hakurudi vitani, na mama, kwa alivyoambiwa, alimfuata mwanamume mwingine, akavaa koti jioni moja akaenda zake. Akalelewa na mama yake mkubwa, yaani dada wa huyo mama, ambaye alihama naye mtaa na kumpa jina lake la ndoa. Kila alipouliza, mama mkubwa alisema mwanamke wa namna ile hatafutwi.

"Sikumtafuta," akaniambia. "Aliyenitupa ni wa nini kwangu?"

Binti yangu alipofika, huyu mama ndiye aliyemchukua shuleni siku nilizokuwa zamu, akamfundisha kufuma, akamlisha pai mpaka mashavu yakajaa. Simwiti jirani. Kwangu ni mzazi.

Alikuwa na kitabu cha mapishi alichopewa siku ya harusi yake, kimetumika mpaka jalada likadondoka, kurasa zina mafuta na unga. Nilikuwa nikikiona juu ya meza kimekaa uchi, naumia. Majira ya vuli yaliyopita nikamwambia, "Mama, nipe hiki nikakivike." Nikaenda nacho nyumbani, nikafungua rundo langu la majarida yaliyochanika, nikatafuta karatasi pana ya katikati. Nikapata moja yenye tangazo la sufu, mwanamke anafuma huku anatabasamu. Nikasema hii ndiyo yenyewe, mama wa watu anapenda kufuma. Nikakata, nikakunja pembe kama nilivyofundishwa, tangazo likaja nje. Upande wa ndani sikuutazama. Kilikuwa kisa kisicho na mwanzo wala mwisho, na mimi vya hivyo nilishakula yamini sitavisoma. Mabaki ya jarida nikayatia kwenye pipa la karatasi, gari la taka likayachukua.

Alifurahi sana. Kila aliyeingia alionyeshwa jalada lake.

Jumapili moja ya baridi nimetoka kanisani, kilemba bado kichwani, nikamkuta amesimama mlangoni kwake bila koti. Hakuniita bab. Alisema, "Ingia," akatangulia jikoni.

Alikuwa amemwagia kitabu mchuzi wa nyama, akakivua jalada alipanguse. Karatasi ilikuwa imetandazwa mezani, upande wa ndani juu. Kando yake ameweka picha yake ya utotoni, ile moja aliyonayo, iliyokuwa ukutani sebuleni miaka yote ninayomjua: kitoto kimevaa koti lenye kola ya manyoya, kimeshika mwanasesere kwa mguu, kichwa kinaning'inia. Nikatazama karatasi. Kwenye karatasi kulikuwa na mlango wa nyumba, na mbele ya mlango kitoto kimevaa koti lenye kola ya manyoya, kimeshika mwanasesere kwa mguu.

"Huyu ni mimi," akasema. Akasogeza kidole. Pembeni palikuwa na picha nyingine, ya mwanamke kijana aliyeinamisha kichwa kidogo kama anayesikiliza mtu. Chini yake jina. "Na huyu ni mama yangu. Soma neno lililo mbele ya jina lake."

Nililiona.

"Marehemu," akasema yeye mwenyewe. "Hawakuandika aliyetoroka. Wameandika marehemu."

Aliniuliza karatasi nimeitoa wapi, nami, Mungu anisamehe, nikajitia hamnazo, nikasema ni karatasi ya zamani tu, tunazo nyingi. Akauliza tena kwa sauti ile ile. Basi nikasema yote. Majarida, sanduku, kufuli, mzee wa Small Heath. Aliniacha nimalize.

"Unayakusanya."

"Ndiyo, Mama."

"Unayasoma kwa raha yako."

Ningeweza kumdanganya hapo. Nikasema ndiyo.

"Kwa nini, mtu mpole kama wewe?"

Sikuwa na jibu lingine isipokuwa sukari. Nikamwambia habari za duka la Nakuru na inspekta na kitasa cha mlango na chumvi iliyopanda basi la Naivasha. Nilipokuwa nikisimulia ndipo akili iliponirudia, nikasikia ninachokisema. Yule mzee niliyemchukia maisha yangu yote, mimi nimemzidi kwa lipi? Yeye alifunga sukari kwa karatasi ya watu asiowajua. Mimi nilimkunja mama wa mtu pembe nne, nikamgeuzia uso ndani, nikamletea mwanawe amwekee viazi juu. Nikataka kulia, nikaona hata kulia mbele yake ni utovu wa adabu.

Yeye hakulia. Akagonga karatasi kwa kidole.

"Basi unajua ninavyojisikia. Hii inaanza katikati ya sentensi na inakatika katikati ya sentensi. Niletee zilizobaki."

Zilizobaki! Nimezitupa kwa mkono wangu. Nikaondoka pale sijui hata nimefunguaje mlango.

Siku ya pili yake nikapanda basi mpaka Small Heath. Mzee akapaza sauti kama kawaida, "Mama ya maiti!" nikamwambia leo anyamaze. Nikaiweka picha ya karatasi kwenye simu mbele yake, nikamweleza. Aliitazama muda mrefu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso.

"Hii mtoto iko hai?"

"Ni jirani yangu. Ana miaka karibu themanini."

"Aisee." Akavuta kiti akakaa. "Mimi nauza hii vitu siku nyingi sana, mama. Hata siku moja sikufikiri iko mtoto."

"Hata mimi, mzee wangu."

Alitafuta wiki nyingi. Aliwapigia simu wenzake wanaosafisha nyumba za marehemu, akapekua maboksi, akamtuma mwanawe darini. Kila nilipopita alitikisa kichwa. Wakati huo wote jirani yangu alinisalimia, alinipa chai, lakini hakuuliza habari za kazini wala za binti yangu. Alikuwa akinitazama mikono tu nilipoingia, kama nimebeba kitu. Naapa nilipungua.

Kisha siku moja mzee akanipigia: lipo, zima, halijapungua hata pini. Nilipofika hakutaka utani. Akalifunga kwenye gazeti, akakunja ncha zile mbili kwa namna ile ya kufungia sukari niliyoijua tangu utoto, mikono yake inakwenda yenyewe. Hakutambua alichokifanya. Nami sikumwambia.

Sasa nisikilizeni ubaya wangu. Nilipaswa kulipeleka lilivyo. Lakini ndani ya basi nilikunjua gazeti nikaanza kusoma, na moyo ukaanza kunienda mbio kwa raha ile ile ya zamani. Raha, nasema! Nilipinda kona na inspekta, nikamshuku mtu wa makaa, nikajipongeza nilipomgundua muuaji kabla ya inspekta. Alikuwa mpangaji wa chumba cha juu katika nyumba ya dada mtu, yule yule mama mkubwa, ambaye ndiye aliyemkaribisha. Alimtaka yule mama kijana, akakataliwa. Jioni moja mama akatoka kwenda dukani, mpangaji akamfuata, na asubuhi akakutwa kando ya mfereji wa mashua. Mpangaji alikamatwa, akakiri, akanyongwa. Nikaelewa pia kwa nini mama mkubwa alihama na kubuni uongo. Nilimaliza nikakuta nimepita kituo changu.

Na ukurasa wa kwanza wa kisa, Bwana wangu. Mwandishi alikuwa ameanza hivi: kwamba marehemu alikuwa mwanamke aliyependa dansi kuliko mtoto wake, na wanawake wa aina hiyo hujitafutia mwisho wao. Visa vyangu vyote vilianza hivyo, nilikuwa nimesoma maneno kama hayo mara nyingi huku nikitafuna andazi. Sasa nikawaza kuyapeleka jikoni mle, kwa mtu aliyeambiwa uongo huo huo tangu utoto.

Nilipofika nyumbani nikachukua wembe. Nikaikata karatasi hiyo ya kwanza karibu kabisa na pini, nikaikunja, nikaitia mkobani katikati ya kitabu cha nyimbo. Nikajiambia namhurumia. Roho ikanisuta, nikaiambia inyamaze.

Nilimkuta ameandaa meza, kitambaa cheupe, miwani na lenzi yake ya kusomea, kana kwamba anamngojea mgeni mwenyewe. Nikaliweka jarida mbele yake. Hakuanza kusoma. Alipitisha mikono juu yake, akafungua taratibu, na kidole chake kikasimama kwenye mkunjo.

"Hapa pana kitu kimekatwa."

"Ni la zamani, Mama, labda..."

"Kumi na mbili," akasoma namba chini ya ukurasa, "halafu kumi na tano." Akainua macho. "Bab. Wewe tena?"

Uso wangu ningeuweka wapi? Nilifungua mkoba, nikatoa kitabu cha nyimbo, nikatoa karatasi.

"Ni maneno mabaya," nikasema. "Sikutaka uyasome."

"Nimeishi na maneno mabaya tangu nina miaka minne. Na sitayasoma. Macho yangu hayawezi maandishi haya madogo." Akaisukuma kwangu. "Soma wewe. Kwa sauti. Soma kama unavyosoma siku zote."

Nimefanya mambo magumu hapa Uingereza. Nimefunga macho ya watu wasio na ndugu. Hakuna lililonishinda kama kusoma ukurasa ule. Ile sentensi ya dansi niliitoa kwa kuimung'unya, akaniambia rudia vizuri, nikarudia. Kila neno ambalo kwenye basi lilikuwa tamu, mdomoni mwangu lilikuwa kama kokoto. Alisikiliza mikono imelala juu ya kitambaa. Nikamaliza upande wa kwanza, nikageuza.

Upande wa pili ulihusu ushahidi. Nikasoma kwamba katika mfuko wa koti la marehemu polisi walikuta mfuko mdogo wa peremende, haujafunguliwa, na kwamba kwa peremende hizo inspekta aliweza kulitambua duka alikopita na saa aliyotoka...

"Simama hapo."

Nikasimama.

"Peremende?"

"Ndiyo, Mama."

"Rudia."

Nikarudia. Alianza kutikisika mabega, nikadhani amebanwa na kifua, nikainuka kama ninavyoinuka kazini. Akanizuia kwa mkono.

"Wakati ule peremende zilikuwa za mgao," akasema. "Unakata tiketi, unapewa kidogo. Mtu mzima hakujinunulia. Zilikuwa za watoto." Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. "Alikuwa anarudi, bab. Mama yangu alikuwa anarudi nyumbani."

Akalisema tena na tena, alikuwa anarudi, kwa sauti ya mtoto hasa. Nami nilikaa pale na karatasi mkononi. Nilikuwa nimeusoma mstari huo kwenye basi. Niliuona, nikaupita, kwangu ulikuwa ushahidi, kitu cha kumfikisha inspekta dukani. Halafu nikaukata kwa wembe nikautia mkobani. Kama asingepitisha kidole kwenye mkunjo, angekufa bila kuujua, na mimi ningejisifu kwamba nilimhurumia. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni nikamwomba radhi. Kwetu mtu akipiga magoti hivyo unamshika mkono unamwinua, unamwambia yameisha.

Hakunishika mkono. Hakusema yameisha. Alipenga kamasi, akaisogeza ile karatasi ya tangazo la sufu, yenye doa la mchuzi, akakisogeza na kitabu chake cha mapishi.

"Kifunike tena," akasema. "Safari hii picha ije nje."

Aliniletea mkasi mwenyewe. Nikakunja pembe kama mama yangu alivyonifundisha, mwanamke wa sufu akaenda ndani na yule mwingine akaja juu, kichwa ameinamisha, na pembeni yake mtoto na mwanasesere. Jirani yangu alikichukua, akakisimamisha kwenye rafu juu ya jiko, uso umetazama chumba.

Sanduku langu bado liko juu ya kabati. Sijalitupa, na sina ujasiri wa kusema nitalitupa lini, maana nikiwatia wale wote kwenye pipa nitakuwa nimewafanyia nini kipya? Nimeanza kuyafungua majarida mojamoja, nasoma majina ya waliokufa tu, kwa sauti, kisha nafunga. Akina mama wa ushirika wamenikumbusha juzi kwamba safari yangu imekawia.

Kwa jirani naenda kila siku, ananiita bab kama zamani, tunakunywa chai. Ila sasa ananiambia niichemshe mimi. Naingia jikoni, najaza birika, na mama yake ananitazama kutoka kwenye rafu mpaka maji yachemke, nami sijui pa kuyaweka macho.